Kikohozi kwa Ajili ya Bernadette

Jumatatu, 13 Oktoba
Famasi ya Ambroise, hapa mtaani kwetu Lumumba, imepata chanjo ya gripe kwa wazee. Nieleze: kwetu kila anayepiga chafya husema ana gripe. Gripe yenyewe ni nyingine. Mwaka jana ilimlaza mke wangu Bernadette hospitalini, akipumua kwa oksijeni. Kifua chake hakitavumilia mara ya pili. Nikamwambia twende. Akacheka, unga wa muhogo mikononi. Chanjo ni ya watoto, akasema. Mama zao huwapeleka kituoni mgongoni. "Sasa miye, Muzee, nani atanibeba?"

Jumanne, 14 Oktoba
Nilimfundisha. Nilichora virusi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Somo zuri, kama zamani darasani. Bernadette alisinzia. Alipoamka aliniomba nifute ukuta.
Jirani Kasereka amekwisha kuchanjwa. Anatembea mkono wa shati umekunjwa, watu waone. Akauliza kama mwalimu anaogopa sindano. Swali la kijinga. Nilikwenda kufuta ukuta.

Jumatano, 15 Oktoba
Mpango mpya. Nijifanye mgonjwa, anisindikize famasini, Ambroise amalizie kumshawishi. Nimekohoa tangu chai. Kikohozi kikavu, cha kusadikika. Bernadette ameacha kucheka. Amenipikia tangawizi, amenivika sweta lake la waridi, ameita wamama wa parokia. Wameniombea sana, kisha wakamaliza sombe yote, majani ya muhogo aliyoyatwanga Bernadette. Mgonjwa hali sombe, wakasema. Nilikunywa uji.

Alhamisi, 16 Oktoba
Famasini. Ili nisadikike zaidi, nilisema nina homa kali pia. Kosa dogo. Ambroise akasema mwenye homa kali hachanjwi, angoje apone. Sikuhuzunika mno.
Tukageuka kutoka. Bernadette akasimama mlangoni. Akauliza, sauti ndogo, kama yeye akishikwa na gripe ingeweza kunipata mimi, nami ni mgonjwa hivi. Ambroise akasema ndiyo, watu wa nyumba moja hupeana. Bernadette akashusha kitenge begani. "Basi unichome. Nisimuuwe muzee wangu."
Alichomwa akinitazama. Mimi nilitazama frigo ya dawa, kisha sakafu, kisha nikaletewa kiti.
Virusi vyote vile ukutani, na sababu hiyo moja sikuieleza.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimepona. Kanisani niliimba sauti ya chini, kifua wazi. Bernadette alinisikiliza hadi mwisho akitabasamu. Hana homa, mkono wake umeacha kuuma, amebeba mwenyewe ndoo ya maji. Mpango wangu ulifaulu kabisa, namna nilivyoupanga.
Njiani akaniambia habari njema: Ambroise ameniwekea dozi moja ndani ya frigo. Kesho asubuhi. Nisiogope, akasema, akinishika mkono. Miguu ikinikataa, atanibeba mgongoni.
Namshukuru Mungu kwa mke wa namna hii.
Tulipofika nyumbani nilikohoa. Mara moja tu, nione kama bado naweza.