Puka Aliyewahi Kufika Kilcorran

Jumamosi, 25 Oktoba

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa kanisa. Karamu ya Halowini, Ijumaa jioni, ukumbi wa parokia. Kila nyumba ilete chakula kilichopikwa kwa majani ya msimu. Kura zitapigwa. Mshindi anachukua kikombe.

Kikombe! Kinakaa dirishani kwa Dympna Scahill mwaka wa sita sasa, kimegeuzwa kuelekea barabarani ili nikipita nikione. Mwanamke huyu mimi, tarishi wa posta, nimempelekea barua miaka thelathini na saba, mvua na barafu, mpaka nikastaafu. Shukrani yake ndiyo hiyo.

Mwaka jana nilipata kura mbili. Moja yangu. Ya pili ya dada yangu Breda, na yeye anasema alikosea karatasi.

Siri ya Dympna naijua. Thaimu mwitu, jani la kiungo linaloota kwenye kilima chenye ngome ya kale. Harufu yake haina mfano. Bila thaimu ile, Dympna ni mpishi kama sisi.

Nina mpango. Nimecheka peke yangu bafuni hadi Breda akagonga mlango.

Jumapili, 26 Oktoba

Hapa kwetu hata mtoto anajua: ukishapita usiku wa Halowini, Puka, yule pepo mtundu, huzunguka mashambani kwa umbo la farasi mweusi, akitemea mate kila jani na kila tunda la mwituni. Kuanzia hapo hakuna anayechuma. Sawa. Lakini nani kasema Puka hawezi kuwahi?

Baada ya misa nilimvuta Mossie, mwenye duka, nikamnong'oneza kwamba nimemwona kilimani, macho yanawaka, anatema mate ovyo. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Saa sita mchana parokia nzima inajua. Mossie haniangushi kamwe.

Breda aliuliza ni farasi wa namna gani. Mkubwa, nikasema. Akasema kuna farasi mkubwa mweusi wa jirani anayeruka ua kila wiki. Breda hana imani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilipanda kilimani na mfuko wangu, nikitegemea kukuta upepo tu. Nikakuta watu arobaini! Ni sikukuu, hakuna kazi, wote wamekuja kuyaona mate. Mossie ameleta chai anauza. Mtu mmoja alikuwa akieleza kwamba Puka amevaa kofia. Kofia sikusema mimi!

Waliponiona wakanidaka nioneshe mahali penyewe. Nikaonesha. Wakapapiga picha. Nimerudi bila hata jani moja.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeamka alfajiri. Koti jeusi la mvua, kofia ya koti hadi puani, nikapanda nimeinama. Nimechuma mfuko mzima! Thaimu hunichokoza pua, nikapiga chafya, lakini kilimani sikuona mtu.

Saa nne nikaenda dukani kununua chumvi. Mossie alikuwa mweupe kama unga. Amemwona Puka! Alfajiri hii hii! Mweusi tii, mgongo umepinda, miguu ya matege, anang'oa majani na kukoroma.

Nilitetemeka hadi nyumbani. Nimeshakunywa chai ndipo nikakumbuka kuwa ni mimi.

Mgongo umepinda? Matege?

Jumatano, 29 Oktoba

Dympna amekuja na keki ya tofaa. Mpole, anatabasamu. Nikampa pole kwa mambo ya kilimani, nikamuuliza sasa atapika na nini, maskini.

Akasema ana thaimu ile ile kwenye kopo, chini ya dirisha la jikoni. Aliichimba kilimani miaka tisa iliyopita. Hajakwea huko tangu goti lianze kumuuma.

“Na Puka hatemi mate kwenye kopo la mtu, Malachy,” akasema. “Ana adabu zake.”

Keki yake ilikuwa tamu. Nimekula vipande vitatu kwa hasira.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tatizo jipya. Nimemjaza bata bukini mkate, vitunguu na thaimu, na harufu imefika barabarani. Pua yoyote ya Kilcorran itajua imetoka wapi. Nimeongeza majani ya seji kuifunika. Kisha rozimeri. Kisha seji tena. Breda ameonja, akauliza kama bata alikuwa mgonjwa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Ukumbi umejaa. Bata wangu mezani, wa dhahabu, wa kupendeza. Watu wakapanga foleni kwake! Mossie wa kwanza, akanusa, akaweka sahani chini.

“Malachy, hii si thaimu ya kilimani?”

Foleni ikayeyuka. Padri Colm alisema Kanisa halimtambui Puka hata kidogo, ila tumbo lake siku hizi si zuri.

Nikamtazama bata. Siku mbili za kazi! Nikapanda kiti, nikaungama mbele ya wote. Hakuna Puka. Nilizusha mimi. Hata huyo wa Jumanne alikuwa mimi.

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Shuka, mzee, utaanguka!” Mossie akapaza sauti. “Nimemwona kwa macho yangu. Wewe una matege?”

Watu wanne wengine wakaapa nao wamemwona. Padri akaniambia kwa upole kwamba kudanganya kwa ajili ya kikombe si vizuri.

Nikaketi na bata wangu, sisi wawili. Ndipo Dympna akaja akichechemea, akavuta kiti, akajikatia paja. Akala lote, watu wakimtolea macho.

“Seji imezidi,” akasema. Kisha, chinichini: “Mossie kanisimulia huyo Puka wake. Eti alipiga chafya tatu mfululizo. Chafya hizo nimezisikia getini kwangu miaka thelathini na saba.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema tangu nistaafu, barua huletwa na mtu asiyetoa hata salamu, na wiki hii ndiyo amecheka kuliko mwaka mzima.

Nikamkatia paja la pili.

Dympna kashinda tena. Mimi nimepata kura moja, na si yangu, maana kwa haraka nilisahau kupiga. Breda anaapa si yake.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimetafakari usiku kucha. Nimeelewa nilipokosea: kofia. Watu walipenda kofia, na mimi sikuifikiria.

Padri ametangaza shindano la keki za Krismasi. Dympna huloweka zabibu kavu zake mwezi mzima kabla. Sasa, kuna mtawa aliyekufa zamani sana, nimembuni asubuhi hii, ambaye huwatokea wanaoloweka zabibu. Nimempa fimbo, taa na kofia kubwa ajabu.