Malalamiko Kuhusu Kupungua kwa Shikamoo Kunakosababishwa na Wananchi Kujitengenezea Baiskeli

Tadei Margwe,
Fundi Baiskeli,
Kibaraza cha mashine ya kusaga,
Dongobesh.

Ndugu Mtendaji wa Kata,

Kwa cheo wewe ni mkubwa wangu, lakini kwa umri ni mwanangu kabisa. Pancha zako nimeziziba mimi ukiwa bado unaenda shule na kaptula. Kwa hiyo nilipokaa kuandika nilipata taabu, sikujua nani aanze kumwamkia mwenzake. Nimeamua kuacha nafasi wazi hapo juu, upande wa kulia, ili ujaze shikamoo yako kwa mkono wako mwenyewe. Na kwa kuwa sipendi kukuchelewesha na kazi za serikali, nimeshakuitikia kabisa: marahaba, mwanangu.

Baada ya hapo naleta malalamiko. Safina, binti wa mzee Seifu muuza spea, amefungua darasa nyuma ya duka la baba yake. Kila Alhamisi mchana anafundisha watu kuziba pancha, kukaza breki na kufunga cheni, wenyewe, majumbani kwao. Anafundisha bure, hata chai hadai. Na usidhani ujuzi huo kausomea chuoni. Alikuwa anatumwa kwangu na baiskeli ya baba yake, anachuchumaa pembeni, kimya. Mimi nilidhani anasubiri baiskeli. Kumbe anasoma.

Habari ya hela sizungumzii, tuelewane hapo. Mahindi ninayo, ng'ombe ninao, njaa hainijui. Madhara ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo:

1. Shikamoo zimepungua. Mtu mwenye pancha ana adabu sana, Ndugu Mtendaji. Anakuja anakokota, anainama, anakuamkia vizuri na habari za ng'ombe anakuuliza. Wabeba maziwa peke yao walikuwa wananijaza kibaraza kabla jua halijatoka kwenye ukungu. Tangu mke wangu Letisia atangulie, shikamoo ya wabeba maziwa ndiyo iliyokuwa sauti ya kwanza ninayoisikia asubuhi. Watoto wangu wapo Arusha, wananiandikia kwenye simu "shkm". Shkm haina sauti. Wabeba maziwa siku hizi wanapita mbio, tairi zimejaa upepo, wananipungia mkono kama wanafukuza nzi. Juzi nilikaa mpaka mchana bila mtu. Mbuzi akalia nyuma ya mashine, nikajikuta nimemwitikia marahaba. Watu wa mashine walinisikia.

2. Wateja wa mbali nao wameharibiwa. Unamfahamu Gidahosh, mfugaji wa Yaeda Chini. Miiba ya kule unaijua, haina huruma na tairi. Kila akipanda kuja mnadani lazima apitie kwangu, tumezoeana kama ndugu. Mwezi uliopita nikamwona anakuja, tairi la nyuma limelala chini. Moyo ukafurahi. Nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikakunja mikono ya shati, nikakohoa kidogo ili sauti ya kuitikia itoke safi. Akafika mbele yangu, akaipindua baiskeli miguu juu, akatoa kwenye koti lake kiraka, msasa na gundi ya solusheni, halafu akanionyesha beseni langu la maji kwa kidole. Kwa kidole, kwa sababu mdomoni alikuwa ameshika valvu. Shikamoo alinitikisia kichwa. Alipomaliza kila kitu ndipo akaniamkia kwa mdomo, akiwa tayari ameshapanda na anashuka mteremko. Marahaba yangu ilimfuata huko nyuma, sijui kama ilimfikia.

3. Ndoa zinateseka. Jirani yangu Patriki zamani akisema yupo kwa fundi, alikuwa salama tangu asubuhi mpaka saa kumi. Solusheni lazima ikauke, na kwa baridi ya huku kwetu solusheni haina haraka. Wakati inakauka tulikuwa tunazungumza, na migogoro mingi ya mipaka ya mashamba ya kata hii imesuluhishwa pale, kwa amani, ofisi yako ikiwa haina habari. Sasa mke wake Eva anahudhuria darasa. Anang'oa tairi kwa mipini ya vijiko, chai haijachemka baiskeli imeshapona. Vijiko vya nyumba ile vyote vimepinda, uji wanakunywa kwa kuotea. Patriki amekosa pa kwenda, maskini. Analima tu. Shamba lilishaisha, sasa amehamia njiani. Ukikuta barabara ya kata ina matuta ya viazi, usimlaumu yeye, mlaumu Safina.

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Mzee Maximilian, mwenye mvi mpaka masikioni, alikwenda kwenye darasa hilo kwa ajili ya breki. Breki ilipokamata, furaha ikamzidi, akamwambia Safina, ambaye ni sawa na mjukuu wake, "Shikamoo, mwalimu." Mbele ya watu! Hebu fikiria tunakokwenda. Leo mzee anamwamkia binti kwa sababu ya breki. Kesho binti atamwamkia mdogo wake anayejua simu. Keshokutwa wewe mwenyewe utafika ofisini, umkute mtoto wa chekechea ameshawasha kompyuta yako, umwamkie, naye akuitikie na kukukaribisha kiti. Hapo kata itakuwa bado kata?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ofisi yako ifanye yafuatayo. Spana zimilikiwe kwa kibali, kama bunduki. Solusheni itolewe zahanati, kwa cheti cha mganga. Kila kaya ichangie angalau pancha moja kila mwezi kama mchango wa maendeleo, na kaya ambazo tairi zao zinakataa kwa makusudi kutoboka ziletewe miiba ya Yaeda Chini kwa trekta. Darasa la Safina lifungwe mara moja, na vijiko vya Eva vinyooshwe.

Na kama hayo yote ni mazito, basi naomba moja tu. Anayejitengenezea nyumbani ajitengenezee, lakini akimaliza apite kibarazani aniamkie kama zamani. Baiskeli anaweza kuiacha nyumbani. Nimekaa mpweke mno pale, nakwambia kweli.

Nisalimie mama watoto, karani, mgambo wa mlangoni na yule mama anayepika chai. Ukienda Basotu kwa wakwe zako, wape salamu zangu, waambie zile spoku alizoniagiza mzee bado nazikumbuka. Msalimie na Eva, ila asijue nimemtaja.

Ni mimi ambaye bado naitikia, hata kama hakuna aliyeniamkia,

Tadei Margwe

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu jana Alhamisi nilipitia kwanza darasani, kwa upelelezi tu. Ili nisigundulike nilibeba baiskeli ya gia ya daktari mmoja, ambayo imekaa kwangu tangu kabla ya Pasaka, namwambia spea haijafika. Ukweli gia sijawahi kuzigusa, naziogopa. Safina akanipa kiti cha mbele. Akanionyesha skrubu moja ndogo, nikaikaza kidogo, nikazungusha pedali, cheni ikahama yenyewe kutoka gia hii kwenda ile, taratibu, bila kelele. Neno likanitoka kabla sijalikamata. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Maximilian akanitazama. Safina hakuitikia. Alifuta grisi mikononi, akapiga goti kabisa pale kwenye vumbi, akasema, "Shikamoo wewe, mwalimu wangu. Ukitoa gia, mengine yote niliyasoma kwako."

Wakafuatia wote waliobaki, kwa pamoja, na Eva na kijiko chake mkononi. Nilishindwa nimwitikie nani kwanza.

Kwa hiyo darasa lisifungwe. Alhamisi ijayo mimi ndiye ninayefundisha kunyoosha rimu, na Patriki ameomba nafasi. Na ile nafasi niliyokuachia pale juu usiijaze. Ile marahaba niliyokutangulizia naomba unirudishie, imeshapata mwenyewe.