Ombi la Kufutwa kwa Sheria ya Mvutano Kabla Mume Wangu Hajasafiri

Kwako Baba Mkwe, Mwalimu wa Fizikia,

Shikamoo Baba. Natumaini u mzima, pamoja na Mama. Sisi maharusi tu wazima kupita kiasi. Mwanao, fundi wa mafriji mwenye mikono mizuri kuliko mafundi wote wa mafriji, bado ananitengenezea chai kila asubuhi, na mimi bado naisifu ingawa husahau majani.

Naandika kwa heshima zote kuilalamikia sheria ya mvutano, uliyoifundisha maisha yako yote na Jumapili iliyopita ukaileta mezani. Najua nilivyofanya katika fizikia. Mama yangu hadi leo huwaambia majirani kwamba matokeo bado hayajatoka. Lakini ndoa imenifungua macho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulifunga funguo kwenye uzi, ukazizungusha juu ya kichwa, ukasema hivi ndivyo dunia inavyolizunguka jua, na kwamba jua likiacha kuvuta, dunia itakwenda zake moja kwa moja. Kisha ukaachia uzi. Habari za bakuli la mchuzi siziingilii, kwa kuwa Mama alikwishasema, "Haya mwalimu, na kitambaa changu cha meza nacho kifue kwa fizikia." Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa ukimtazama mwanao, tena umetoka tu kumshauri akubali ile kazi ya kufunga vyumba vya baridi kiwandani, huko mbali, mwaka mzima. Yaani mume wangu kwa asili yake ni mtu wa kwenda zake, na hapa nyumbani anazuiliwa tu?

2. Sheria inasema mwenye uzito mkubwa ndiye mvutaji mkuu. Baba, mimi nimeolewa juzi. Gauni la harusi bado linanienea, tukiacha habari za zipu.

3. Inasema pia kuwa umbali ukiwa mara mbili, mvuto hubaki robo. Nilipiga hesabu ya huko anakoitwa. Sifuri zilipozidi kujipanga baada ya nukta niliweka kalamu chini nikalia, kisha nikampigia simu kazini. Akanijibu, "Mke wangu, hiyo ni ya sayari. Mimi hapa nimeingiza kichwa ndani ya friji." Sauti yake ilikuwa ikivuma vizuri sana humo ndani, lakini sikuridhika.

4. Wapo wataalamu wasiokubaliana nawe. Yuko bwana mmoja kwenye video za simu yangu, hukaa mbele ya pazia, anasema mvutano haupo kabisa, sayari zinasukumwa na umeme. Nilimwamini kwa moyo wote mpaka alipoanza kuuza bangili za kukinga umeme huo. Niliagiza mbili, yangu na ya mume wangu.

5. Kwa hiyo nimeunda nadharia yangu. Kama ujuavyo, nauza magodoro. Mtu mzito akikaa katikati, godoro linabonyea, na mwepesi aliye ukingoni anaserereka kumfuata. Hakuna aliyevutwa. Jua limejilalia, limefanya bonde, na dunia inazunguka pembeni ya bonde hilo kwa raha zake. Nilimweleza wifi. Akasema jambo linalofanana na hilo limo vitabuni kwa zaidi ya miaka mia: "Ungevumilia kidogo, wifi, ungevumbua na gurudumu." Nimelichukua hilo kama uthibitisho.

Tatizo ni kwamba godoro zuri, mtu akiondoka, hurudi juu. Dukani tunajivunia jambo hilo mbele ya wateja. Mwaka mzima, Baba. Atarudi akute hakuna hata dalili kwamba aliwahi kulala pale.

Hivyo naomba uache kuifundisha sheria hiyo mara moja. Ikishindikana, mwambie tu mwanao kwamba ile kazi haifai. Ukifanya hili la pili, la kwanza nitakusamehe.

Mnisalimie Mama, wifi, na wanafunzi wote wanaoendelea kudanganywa bila kujua.

Ni mimi mkweo mtiifu, niliyeolewa nikaolewa kweli,
Mke wa Fundi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mume wangu alipoingia. Ameisoma barua yote, amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe aliwaambia wenye kazi kuwa haendi bila mimi, na leo wamejibu kwamba chumba cha watu wawili kipo. Akaanza kunieleza taratibu kuwa huko ni mbali, simjui mtu, duka nitaliacha, nifikirie kwanza. Kabla hajamaliza nilikuwa juu ya kiti nashusha sanduku kabatini. Sikuvutwa, sikuserereka, niliulizwa tu. Endelea kuifundisha sheria yako, Baba, maana mimi sina tena ya kuweka mahali pake. Jumamosi asubuhi njooni kituoni kutuaga. Nikianza kulia msinishike, mtanichelewesha.