Ekipe ya Bezboli mu Shamba ya Laurentine

Siku ya posho, tarehe 10 Februari

Leo nimeanzisha ekipe ya bezboli. Ya kwanza mu komine yetu ya Annexe. Ya kwanza mu Lubumbashi yote, na kama iko ingine, ijionyeshe. Ni ekipe ya professionnel, hapana ya kucheza bure. Tena indépendant. Ligi hakuna, federasyo hakuna, muntu wa kunipa amri hakuna. Mu mupira ya miguu baprezida beko mingi, kila mumoja na tumbo yake. Mu bezboli niko peke yangu.

Muchezo naijua. Mwaka 1971 misionere mumoja alitufundisha siku mbili, pembeni ya gare. Siku ya tatu akashikwa na malaria. Ile alikosa kufundisha, nitaimaliza mimi.

Bachezaji: bantu tisa ya tanuru ya matofali. Ile ni akili yangu. Unamurushia tofali, anadaka, anarushia mwenzake, toka asubui mpaka mangaribi, hakuna inaanguka. Sasa ni mvula, matofali haikauke, beko banakaa na njaa. Mwansa, mukubwa wao, aliuliza: Papa Léo, tutapata nini? Nikajibu: kila mwisho ya juma, siku ya posho, bakuli ya bunga ya mahindi kwa kila muntu. Akasema kwa bunga atacheza hata na nyoka.

Bunga iko mu nyumba, gunia tatu, ya kutufikisha ku mavuno. Laurentine, bibi yangu, hajui bado.

Siku ya tano, tarehe 16 Februari

Stade iko tayari. Ni shamba ya Laurentine, nyuma ya nyumba. Mahindi ilikuwa inaanza kutoa ndevu. Tulifyeka wakati alienda ku njia ya musalaba. Bantu tisa na mapanga. Saa moja tu.

Aliporudi, alisimama pa mupaka. Hakulia. Aliokota hindi moja changa, akaimenya, akaniuliza kama mwezi wa tano tutakula bezboli. Nikamueleza: mwezi wa tano tutakuwa na bashabiki, na bashabiki habakuye mikono mitupu. Akasema miaka makumi ine na mbili ananisikia na "tutakuwa". Kiisha akakusanya mabua, ya kuwashia moto.

Fimbo ya kupigia: muchi yake ya kutwangia sombe, majani ya muhogo. Muti muzuri, nzito. Glavu: ya soudeur, muchoma vyuma. Sombe tutakula bila kutwanga.

Siku ya kwanza, tarehe 26 Februari

Jirani Hénoc, ule muuza pièces ya motokari, ameanzisha ekipe naye. Bantu ya kanisa yake. Nilienda kumwambia ameniiba. Alicheka: Muzee Léo, sasa ekipe moja itacheza na nani, na kuku? Kusema kweli ile sikuifikiri. Sikumuonyesha.

Yeye anatoa bunga, na maharagi ya madesu juu yake. Bachezaji yangu wawili bakavuka kwake. Nikapandisha: bakuli mbili kwa kila muntu. Bakarudi, Mwansa anacheka mu mukono. Nimemushinda Hénoc bila kutoka jasho.

Gunia ya pili imefunguliwa.

Siku ya Mungu, tarehe 3 Machi

Mechi ya kwanza. Bashabiki habawezi kukaa mu matope. Niliazima bashi kubwa ya kivuli na viti ya plastiki ku parokia, nikaipanga toka ku mulango ya nyuma, pembeni ya stade, mpaka ku barabara.

Bantu bakaanza kuingia. Banaume banavua kofia mbele yangu, banashika mukono yangu na mikono mbili: pole Papa, jikaze. Nikasema asante, tutajikaza. Bamama bakakaa chini kando ya Laurentine, bakaanza kuimba polepole. Niliona ni ya kutia ekipe moyo.

Mama Brigitte wa kwaya akauliza Laurentine: ni nani amekufa? Laurentine akaonyesha na kidevu, pale Mwansa alikuwa anakimbia na muchi. Akasema: mahindi yangu. Pale njo balilia kweli.

Muchezo yenyewe. Ekipe yangu inadaka kila kitu. Lakini mwenye kudaka anapasha mwenzake, mwenzake anapasha mwingine, na wa mwisho anauweka mupira chini muzuri, pole, kama tofali. Na bantu ya Hénoc banakimbia tu. Hénoc makumi mbili, sisi ine. Nitasahihisha.

Bantu walipita mia moja. Hakuna aliondoka mbele ya mwisho. Juu ya desturi: muntu ya kilio haumurudishe na njaa. Laurentine hakutaka kupata haya mbele ya barabara nzima, akatoa sufuria kubwa, akasonga bukari. Gunia ya pili iliishia pale.

Nimeandika mu kitabu ya klabu: stade ilijaa.

Siku ya tatu, tarehe 20 Machi

Hénoc alikuya mwenyewe, akakaa, akakatala chai juu aliona hakuna sukari. Akasema: nimeacha, Muzee. Nilijaribu, haina faida, bantu yangu nimebarudisha ku kazi. Na wewe acha. Mama iko anakonda.

Nimeandika: Hénoc amekubali kushindwa. Championnat ni yetu.

Ni kweli Laurentine anakonda. Tunakula mara moja, mangaribi. Nilimueleza bachezaji banakula kwanza, prezida anakula nyuma. Akauliza: na bibi ya prezida? Nilifikiri kidogo. Nikajibu: nyuma ya prezida.

Akaenda kulala bila kugusa sahani. Nilimaliza ya kwake, isiharibike.

Siku ya pili, tarehe 16 Aprili

Mvula imekatika. Mbingu safi, majani inakauka, siku ya bezboli kabisa. Nilingojea ekipe pa stade toka asubui. Hakuna muntu.

Nikaenda ku tanuru. Beko bote tisa mu mustari, matofali inaruka toka mukono mpaka mukono kama ndege. Vile njo nilitaka bacheze. Mwansa hakushuka toka juu ya tanuru. Akasema: Papa Léo, jua imetoka. Ile ilikuwa kazi ya mvula. Nikamwambia professionnel hakimbie ekipe juu ya jua. Akarusha tofali. Mwenzake akadaka.

Kosa nimeiona. Habakukuwa na jezi.

Siku ya posho, tarehe 20 Aprili

Bajirani banavuna. Ninasikia mahindi yao inavunjika, mustari kwa mustari. Kwetu kuko majani na matope ya bachezaji.

Laurentine alipangusa gunia ya tatu na mukono. Ikatoka bukari moja ndogo. Akaniwekea yote, kiisha akafunga furushi. Anaenda Kambove kwa dada yake Constance. Kule bamama banaosha mawe ya bachimbaji, maji inafika ku magoti. Laurentine iko na miaka makumi sita na sita.

Nilimukumbusha saison inaanza mwezi wa kumi na moja, na bibi ya prezida anakaa mbele. Akasema mwezi wa kumi na moja atakuwa anatafuta shamba haina stade.

Hakugeuka. Nilimuita mara mbili. Pengine kamio yenye ilimubeba ilikuwa na kelele.

Siku ya posho, tarehe 4 Mei

Sephora, binti yetu, alikuya toka mutaa ya Golf. Anapika ku nyumba ya batajiri kule. Alileta nusu gunia ya bunga, mafuta na chumvi. Akasema polepole, kama anasema na mutoto: Papa, hii ni ya kula. Ukule wewe mwenyewe. Na robo umutumie mama, muntu anaenda Kambove siku ya pili, atapita hapa. Mama iko na kikohozi. Nikasema ndiyo. Akanirudilisha kusema ndiyo.

Aliposhika njia, nilibeba bunga ku kichwa mpaka ku tanuru. Nikapumzika njiani mara ine. Nikawaambia: contrat ya saison ijayo, malipo yote mbele. Mwansa hakuangalia bunga, aliangalia shingo yangu. Akasema: Papa, rudisha hii ku nyumba, ukule. Nikamuuliza kama anaogopa Hénoc. Bale bengine walishashuka na bakuli. Bote tisa bakatia kidole mu masizi, bakaweka alama ku karatasi, Mwansa wa mwisho.

Mangaribi nilikunywa kijiko ya mafuta na chumvi. Ule muntu wa Kambove, siku ya pili, nitamupa habari ya kumupelekea Laurentine: ekipe imetimia, miezi sita mbele ya saison. Hata Ulaya habafanyi vile.