Blanketi la Albamu ya Tatu

Jumatatu, 9 Juni

Albamu ya tatu imekamilika! Nyimbo kumi za roki laini. Gitaa langu, sauti ya dada yangu Luciana, akili zangu. Safari hii Sumbawanga itatutambua.

Zile mbili za kwanza sitaki hata kuzikumbuka. Ya pili niliiita Umeondoka Mapema. Wimbo wenyewe uliobeba jina hilo ni wa mapenzi, jamani! Msichana kapanda basi la alfajiri kwenda Mbeya, mpenzi wake kabaki stendi anatetemeka. Kosa liko wapi? Watu wa mtaa wetu wa Kizwite wakaupeleka msibani. Tangu hapo hakuna anayezikwa bila sisi. Nikipita dukani wananipa pole.

Ndiyo maana hii ya tatu inaitwa Blanketi Moja. Mapenzi matupu. Nani atathubutu kuipiga makaburini? Picha ya jalada tulipigia mlimani, upepo unakata masikio, mimi na Luciana tumejifunika blanketi jekundu la Shangazi Agnesi. Mpiga picha alisema ni ya kimataifa.

Luciana ana ombi moja tu. Jumamosi wazee wa Yonas wanatoka Mpui kuleta posa. Yonas ni kijana muuza mbegu, mpole, hana neno na mtu. Luciana ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Akanishika mkono kabisa. "Kaka, hadi Jumamosi ipite, nakuomba usipate wazo lolote."

Nimemwahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Nimempigia Shangazi wimbo wa kwanza. Ndiye aliyetulea baada ya wazazi kufariki, nikaona awe wa kwanza kufurahi. Luciana anaimba "njoo nikupashe joto". Mimi naitikia "nakuja, mpenzi". Shangazi akaacha kupepeta ulezi. Akauliza nani anamwambia nani.

Nikamweleza kwamba hiyo ni sanaa. Akanijibu nikaieleze sanaa hiyo kwenye kaburi la baba yangu. Kisha akaliona jalada, akalitambua blanketi lake. Sasa limefungiwa kabatini na ufunguo uko kifuani mwake. Nitalala na koti.

Nikaenda mtaa wa Chanji kwa Loth, yule anayewawekea watu nyimbo kwenye flashi. Naye amekataa kuuza. Anasema kaka na dada hawaimbiani vile, na yeye ana watoto. Nimemuuliza watoto wake wanahusikaje. Akawasha redio nisisikike.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata wazo. Nilijizuia kwa nguvu zote, lakini limekuja lenyewe.

Nyimbo hazina tatizo. Tatizo ni undugu! Undugu ukiondoka, albamu ni safi kama maji. Nikaenda redioni peke yangu. Mtangazaji, Vicent, ni mgeni hapa mjini, katokea Iringa, hajui sisi ni ndugu. Akaniuliza hewani huyu Luciana ni nani wangu.

Sikudanganya. Hilo liandikwe. Nilicheka kidogo, nikasema tumekuwa pamoja tangu utotoni na tunaishi nyumba moja. Neno "wanandoa" kalisema Vicent mwenyewe. Mimi nilikohoa tu.

Simu zikamiminika! Mama mmoja alilia. Bwana mmoja aliomba wimbo urudiwe, anausikiliza na wenzake shambani huko Mpui. Mpui! Tumevuma mpaka Mpui!

Alhamisi, 12 Juni

Watu hawana shukrani. Loth sasa anauza, tena anajisifu kwamba alituamini toka mwanzo. Ungetegemea nyumbani kuwe na furaha.

Luciana ni fundi cherehani pale mjini. Leo amerudi kabla ya mchana. Mteja mmoja kamuuliza kaolewa lini kimyakimya hivyo. Mwingine kamshauri asichelewe kuzaa. Katekista mpya naye amepita hapa kuuliza ndoa ilifungwa parokia gani. Shangazi alimjibu kwa Kifipa, na bahati nzuri katekista si Mfipa.

Luciana hajanisemesha. Ugali wangu ulikuwepo mezani. Mboga haikuwepo.

Ijumaa, 13 Juni

Yonas amepiga simu. Baba yake, Mzee Adolfu, alikuwa shambani na redio siku ile. Ndiye bwana aliyeomba wimbo urudiwe! Nilifurahi. Kisha nikaona uso wa Luciana.

Mzee amesema hawezi kupeleka posa kwa mke wa mtu. Yonas amejaribu kumweleza ukweli. Mzee anasema hakuna mwanamume duniani anayeweza kumkana dada yake redioni kwa ajili ya wimbo, kwa hiyo mwongo ni Yonas. Sasa baba na mwana hawaelewani.

Luciana alikaa kwenye kigoda. Hakulia, na hilo ndilo baya zaidi. "Nimekuimbia tangu nikiwa mdogo, kaka," akasema. "Hiki kimoja nilitaka kiwe changu."

Niliona aibu. Kweli niliona aibu. Nikaamua kurekebisha mambo siku hiyo hiyo. Nikakimbia redioni, nikatangaza kwamba mimi na Luciana tumeachana. Kwa amani kabisa. Hana mume tena, yuko huru kuolewa kesho!

Sielewi kwa nini Shangazi alinikimbiza uani na mwiko. Mzee wa watu alitaka mwanamke asiye na mume. Nimempatia.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja, lakini kwa maswali. Mzee Adolfu, mshenga wake, na Yonas nyuma kama mshtakiwa. Shikamoo yangu iliitikiwa kwa shingo upande. Mzee akauliza, taratibu kabisa, mwanamke gani anatangazwa kaolewa Jumatano, anaachwa Ijumaa, na Jumamosi anapokea posa. Nilikuwa na jibu zuri. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Hawa wawili nimewabeba kwa mbeleko moja," akamwambia mzee. "Huyu wa kike ana akili. Huyu wa kiume ana gitaa."

Mzee hakucheka. Akasema kama kweli ni ndugu na kweli ni waimbaji, basi waimbe wimbo ambao ndugu wanaweza kuuimba mbele ya wazazi. Nikapitia albamu yote kichwani. Nyimbo kumi, hakuna hata mmoja!

Luciana hakunisubiri. Akaanza Umeondoka Mapema. Nikashika gitaa, ningefanyaje? Kwenye ubeti wa pili mzee akavua kofia. Kumbe ndio wimbo waliomzikia mkewe. Kwa muda wote huu alikuwa akiuliza ni akina nani hao walioimba, na huko Mpui hakuna aliyejua. Yonas hakuwahi kuulizwa. Akajifuta machozi kwa kofia ile ile, akaomba tuurudie. Mshenga akaingiza mkono ndani ya koti akatoa barua ya posa. Walikuwa nayo tangu Mpui.

Nilitaka kumweleza mzee kwamba wimbo ule unahusu basi. Luciana akaniangalia. Nikanyamaza. Nani atanisifu kwa hilo?

Posa imepokelewa. Sharti la mzee ni moja: Jumatatu niende redioni niseme ukweli wote kwa kinywa changu, naye atasikiliza. Sharti la Luciana ni jingine. Albamu tatu zinatosha. Akishaolewa ataimba kwaya ya Mpui, basi.

Nimekaa nyuma ya nyumba na gitaa mpaka vidole vikafa ganzi. Sauti kama ile sitaipata tena. Nampenda sana dada yangu. Ila hilo siwezi kulitungia wimbo, maana Shangazi atauliza nani anamwambia nani.

Jumapili, 15 Juni

Misa imekwisha, Yonas amekuja kunifariji. Kijana mwema. Tulikuwa tunabeba magunia ya ulezi kuingiza ndani, akawa anaimba chini chini. Nikaangusha gunia. Ana sauti nzito, tamu, inatoka tumboni! Miaka yote hii anauza mbegu!

Albamu ya nne imepatikana. Mimi na Yonas. Shida ni kwamba shemeji na shemeji hawana mvuto. Watu wanapenda damu moja. Nimempigia Vicent anitengee nafasi kesho asubuhi. Nitaanza na ukweli wote kama nilivyomwahidi Mzee Adolfu: Luciana ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja. Halafu papo hapo nitamtambulisha pacha wangu, Yonas.

Vicent akauliza kama huyo Yonas ndiye anayemwoa Luciana. Nikamwambia ndiye huyo huyo, na baba yake atakuwa anasikiliza. Sijui alichokuwa anacheka.

Jalada litapigwa kule kule mlimani. Kilichobaki ni ufunguo wa kabati la Shangazi.