Mguu wa Kushoto, Kumb. Na. 014

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku mbaya. Benson amekalia kiti changu tena. Benson ni mtunza vifaa wa klabu. Kazi yake ni mipira, jezi na koni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kiti chenye mgongo. Mimi ni karani. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nikakohoa mara mbili. Hakunyanyuka. Nikasimama mpaka saa nne, najifanya napanga majalada.

Saa nne akaingia Mwenyekiti, Mzee Abdulsamad, katokea dukani kwake, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akauliza kama nimeona alichofanya Muhannad. Nimeona! Kata nzima ya Wazo imeona. Jana, badala ya kuja mazoezini, winga wetu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imepakwa rangi ya dhahabu. Akaingia laivu kwenye simu na kuwaambia watu elfu mbili kwamba mfumo wa Kocha Fakihi ni kama foleni ya maji: kila mtu amesimama na ndoo yake, anasubiri.

Nilicheka sana. Nikabonyeza alama ya moyo. Leo nimekwenda chooni kuiondoa.

Muhannad ana barua mbili za onyo. Ya kwanza, alifika kwenye mechi na Bunju dakika ya ishirini, katokea harusini, viatu vya mpira kavitundika shingoni. (Alifunga mawili.) Ya pili, aliazima miwani ya mzee mmoja mtazamaji, akampelekea mwamuzi katikati ya mechi. Kanuni ya Machimbo FC iko wazi: barua ya tatu ni ya kufukuzwa. Na Jumamosi tunacheza na timu ya Kawe. Tukishinda tunapanda ligi ya mkoa, mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe. Bila Muhannad, hata Mzee Abdulsamad anajua tutakachoambulia.

Nimeagizwa niandike barua ya kumtaka ajieleze. Majibu yafike Jumatano kabla ya saa sita, la sivyo ya tatu. Nimeiandika. Kumb. Na. MFC/NID/013. Pambizo safi kabisa.

Katibu wetu, Madam Kokushubila, mwalimu mstaafu ambaye kalamu nyekundu haijawahi kumtoka mkononi, anasema kipaji bila adabu ni hasara ya wengi. Vijana wa bodaboda hapo nje wanasema atakayemgusa Muhannad atatembea kwa miguu mpaka Tegeta. Mimi sina msimamo. Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 30.

Jumanne, 17 Juni

Mpango: kumwachia barua bibi yake Muhannad, kisha kuondoka mbio.

Mpango umekufa mlangoni. Nikasema shikamoo, Bibi Hayat akasema marahaba mjukuu wangu, mbona umekonda hivyo, huko kazini hawakulishi? Nikajikuta kwenye mkeka na sahani ya vitumbua. Muhannad akatoka chumbani, nusu dhahabu, nusu nyeusi. Akasaini kupokea barua kwenye kitabu cha dispachi kwa kuchora mpira. Hakusoma. Akageuza barua ya klabu, barua yenye mhuri, akanichorea nyuma yake namna atakavyowapigia Kawe kona, mpira ushukie pembe ya pili ya goli. Ni kona nzuri.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba asipojibu anafukuzwa. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akamtazama bibi yake, ambaye tayari kashona kanga mbili kuwa bendera kwa ajili ya Jumamosi. Akaniambia polepole, "Braza, mie naongea kwa mguu. Kalamu ni ya kwako. Niandikie basi."

Nilikataa. Ni kinyume cha maadili ya kazi. Bibi akaongeza vitumbua. Nikakataa mara ya pili. Akaongeza. Kufika cha saba nilikuwa nafikiria aya ya kwanza.

Jumatano, 18 Juni

Nimeandika barua bora kuliko zote maishani mwangu. "Kwa taadhima kubwa na moyo uliopondeka, mimi niliyetajwa hapo juu…" Nimeweka toba. Nimeweka methali mbili. Muhannad alipitia dirishani asubuhi, akasaini bila kusoma, akaniambia jezi yake haionekani na kama nimeiona. Anasaini kila kitu bila kusoma! Ningeweza kumwandikia kwamba anahamia Kawe.

Saa tano na nusu nikaikabidhi kwa kamati kana kwamba imeletwa. Mzee Abdulsamad aliisoma kimya, akasema mtoto huyu kumbe ana moyo. Madam Kokushubila akaisoma mara mbili. Akavua miwani, akafuta macho. Kalamu nyekundu haikugusa karatasi! Nilitaka kuruka. Nikaruka kidogo, nikasingizia mbu.

Kisha Madam akasema barua imemgusa kiasi kwamba itabandikwa ubaoni, na Ijumaa baada ya sala Muhannad ataisoma mwenyewe mbele ya wanachama. Akiisoma, amesamehewa.

Nimekaa chini. Sakafuni, kwa sababu Benson alikuwa kwenye kiti.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemfundisha Muhannad kusoma barua yake nyuma ya goli. Msiba mtupu. Kila akifika kwenye "utovu wa nidhamu" anaangua kicheko. "Uliopondeka" analitamka kama wimbo wa singeli, na mabega yanacheza. Nimemsihi. Nimemwambia ajifanye yuko msibani. Akasema msibani ndiko anakochekaga zaidi, na bibi yake humtoa nje.

Halafu Benson. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akaniita "Afisa Didas". Hajawahi kuniita hivyo. Akaweka kidole juu ya barua, upande wa kulia. Nikaona alichokiona.

Kumb. Na. MFC/NID/014.

Nimempa mchezaji namba ya jalada la klabu! Barua ya klabu ilikuwa 013, na ya Muhannad, kutoka nyumbani kwa bibi yake, ni 014. Na chini kabisa: "Nakala: Jalada." Mkono ulijiandikia wenyewe. Miaka miwili ya chuo haitoki mwilini.

Benson akauliza kwa upole tangu lini Muhannad anaweka rejista ya barua pale kwa Bibi Hayat. Nikauliza anataka nini. Alitazama tu kiti.

Nimempa kiti. Naandika haya nimekalia gunia la mipira. Mipira inateleza.

Ijumaa, 20 Juni

Wanachama arobaini na kitu, wengine madirishani. Muhannad alikuja amevaa kanzu ya kuazima inayoishia juu ya vifundo. Kichwa chote sasa dhahabu. Akasimama, akafungua barua. "Kwa taadhima kubwa na moyo uliopondeka," akasoma, vizuri kabisa! Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi. Nikafunga macho. Nikasikia karatasi inakunjwa.

Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Moyo wangu haujapondeka. Uko sawa tu. Hii barua kaandika Didas. Mie ndo nilimng'ang'ania, na bibi akamlisha vitumbua mpaka akashindwa kukataa. Msimguse."

Nilitazama dari. Dari yetu ina mabati kumi na manne.

Akamgeukia Kocha Fakihi. Akasema kocha alimfundisha kupiga kona akiwa hana hata viatu, na yale ya kwa kinyozi aliyasema kwa kuwa watu walikuwa wanacheka, na yeye watu wakicheka hajui kuacha. "Nisamehe, Kocha. Ukinifukuza sawa. Ila kesho nikae hata jukwaani, bibi kashashona bendera."

Kocha Fakihi hajatabasamu tangu Machi. Alikuna shingo muda mrefu. Mwishowe akasema kipindi cha pili dhidi ya Boko, kusema kweli, kilikuwa foleni ya maji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Abdulsamad akapiga meza, naye anacheka. Hukumu: Muhannad amesamehewa, lakini kesho ataanzia benchi.

Hapo Madam Kokushubila akasimama. Akasema namba ya jalada aliiona tangu Jumatano. Mtu asiyejua jezi yake iko wapi hawezi kuwa na rejista. Alilia, ndiyo, kwa sababu katika miaka yake sita ya ukatibu hiyo ilikuwa barua ya kwanza ya ofisi hii isiyo na kosa la kusahihisha, na ilikuwa ya uongo. Aliagiza isomwe hadharani ili aone nani atasema ukweli kwanza. Akasema alitegemea niwe mimi.

Niliendelea kuhesabu mabati.

Nimepewa onyo la kwanza. Pia niwasilishe maelezo yangu kwa maandishi Jumatatu, ndipo waamue kama nitathibitishwa kazini. Na kwa kuwa karani ni mimi, barua ya kunionya nimeichapa mimi. Kumb. Na. MFC/NID/015. Nimejikabidhi. Nimesaini kwenye dispachi pande zote mbili. Benson alishuhudia, ameegemea mgongo wa kiti.

Jumamosi, 21 Juni

TUMEPANDA!

Kipindi cha kwanza Kawe walitufunga moja. Muhannad benchini alikuwa anaimba. Kipindi cha pili akaingia. Sijui nieleze vipi. Mpira ukifika kwenye mguu wake wa kushoto, watu wote, hata wanaomchukia, wanainuka kidogo kwenye viti. Dakika ya sitini akagombana na mshika kibendera. Kadi ya njano. Madam akasema, mnaona? Dakika ya sabini akapiga kona, ile ile aliyonichorea nyuma ya barua, nahodha wetu Marselino akaunganisha kwa kichwa. Moja moja! Nilipiga kelele "pembe ya pili!" kana kwamba nimeibuni mimi.

Dakika ya themanini na tano akawapita wanne. Wanne! Mmoja alikaa chini mwenyewe. Akafunga. Akavua jezi, akakimbia mpaka nilipo, akanifunika nayo kichwani. Ilikuwa imelowa. Ndani ya giza lile nikasikia filimbi. Njano ya pili, ya kuvua jezi. Nyekundu.

Nilipojitoa kwenye jezi, Mzee Abdulsamad alikuwa anasema mtoto huyu ataniua, Mola amhifadhi, ataniua. Madam Kokushubila alikuwa amesimama juu ya kiti anapaza sauti kwa Kihaya, na kalamu nyekundu anaitikisa kama mkuki. Wachezaji kumi wakashikilia mpaka mwisho. Bibi Hayat akatembeza bendera uwanja mzima. Benson alinikumbatia. Kisha akajuta.

Jumapili, 22 Juni

Maelezo yangu yanatakiwa kesho saa mbili. Nimekaa tangu asubuhi mbele ya karatasi tupu. Nimemwandikia mwenzangu toba yenye methali mbili. Ya kwangu haitoki. Nikiandika "niliogopa" naogopa.

Saa kumi Muhannad akaja na vitumbua vya bibi. Akaona karatasi, akanipokonya kalamu, akaandika kwa herufi kubwa zinazopanda mlima:

"Viongozi. Didas ni mwoga lakini alinitetea. Barua zake nzuri. Msimfukuze na mrudishieni kiti. Mie Muhannad."

Nilisoma mara tatu. Hakuna kitu cha kuongeza. Nimeapa kuiwasilisha kesho kama ilivyo, kwa mkono wake, na wanipime kwa ukweli huo. Nimejifunza. Ukweli hauhitaji mapambo.

Ila haina pambizo. Wala tarehe. Madam hataifurahia.

Nimeichapa upya. "Mwoga" nimeweka "mwangalifu". "Msimfukuze" nimeweka "kwa taadhima kubwa nasihi". Nimeongeza methali moja tu. Muhannad amesaini bila kusoma, mdomo umejaa kitumbua.

Inapendeza sana. Kumb. Na. MFC/NID/016. Nakala: Jalada.