Sita A Wajifunza Kusifiana

Jumatatu, 3 Juni.
Mkuu wa shule katangaza! Ijumaa, darasa linalothaminiana kuliko yote litapewa kombe. Nimeshalitengea nafasi kwenye kabati la Sita A, darasa langu. Madamu Mulenga wa Sita B kacheka hadi kashika ukuta. Eti Mngoni aliyehamia Kasama kula panya wote wa Wabemba, leo anafundisha upendo? Nikamwambia Mbemba mla tumbili anyamaze. Tumeagana vizuri.

Jumanne, 4 Juni.
Kila mtoto amsifu jirani yake. Safi, mpaka dawati la dirishani. Thandeka, Mngoni mwenzangu, kamwambia Kasuba kwamba hesabu anazijua, tumbili wamemfundisha vizuri. Kasuba, Mbemba, kamjibu arudi shimoni, panya wenzake wanamtafuta. Darasa hoi kwa kicheko. Wangoni na Wabemba ni watani, najua. Lakini kombe halijui utani! Nimepiga marufuku. Nimewapa sifa za kukariri.

Jumatano, 5 Juni.
Thandeka kamwambia Kasuba ana mwandiko mzuri. Kasuba kashukuru. Ustaarabu mtupu! Mchana Kasuba hakula. Nikamwuliza. Kasema Thandeka kamchukia, anamsemesha kama mgeni. Nikampongeza kwa maendeleo. Akaanza kulia.
Nimemwomba na Madamu Mulenga aache utani mpaka Ijumaa. Watoto wanatusikia.

Alhamisi, 6 Juni.
Madamu Mulenga kanisalimia: habari za asubuhi, Bwana Jere, tai imekupendeza. Akapita zake. Nimemkosea nini? Nshima, ugali wa huku, sikuigusa.

Ijumaa, 7 Juni.
Shule nzima uwanjani. Watoto wangu wakasifiana kama wanasoma tangazo la msiba. Zamu ya Thandeka. Kaanza sifa niliyomwandikia, kakwama, kamtazama Kasuba.
"Wewe mla tumbili, nimekumisi!"
Kasuba katoka mstarini mbio, kamkumbatia, anamwita panya buku huku analia. Hata mkuu alifuta macho. Nikanyoosha mikono kupokea kombe.
Likaenda Sita B. Mkuu kasema katika Sita A mtoto mmoja tu kamthamini mwenzake, naye kwa kumkaidi mwalimu.
Madamu Mulenga kanipitia na kombe kwapani. Eti angenipa nilishike, ila panya akitumbukia humo nani atamtoa? Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nimekula nshima sahani mbili.
Na sasa nimeelewa. Utani ndio sifa yenyewe! Nimeshaandika utani wa Sita A wote, kila mtoto na wake. Jumatatu wanaanza kukariri. Atakayecheka atatoka nje.